Figo Iliyobaki kwa Mjomba

4 Februari

Mpwa wangu Kidomo,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi mzima, ukiacha yale nitakayokueleza chini. Mama yako alipita wiki iliyopita, akaniletea shuka mbili ambazo sikuziomba, akanikaripia kwa vumbi la dirishani, akaondoka bila hata kukaa. Kwa hiyo ujue naye mzima kabisa. Jirani yangu fundi cherehani amemwoza binti yake, na paa langu limeanza kuvuja upande ule ule niliouziba mwaka jana.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu kama watu. Masikio yangu niliyaacha gereji, miaka yote ile ya kugonga na kunyoosha bodi za magari. Kwenye simu nasikia ngurumo tu. Mara ya mwisho uliniambia umepata likizo, mimi nikakupa pole ya msiba. Bora karatasi.

Sasa sikiliza. Kifua kimeanza kunibana. Nikibeba ndoo kinabana, nikipanda kilima cha sokoni kinabana, nikikaa kinaachia. Nikaenda hospitali. Daktari ni kijana mwenye sauti kubwa, namshukuru kwa hiyo sauti. Akasema mishipa ya moyo inaonekana ina mahali pameziba, lazima nipigwe picha. Si picha ya kusimama ukatabasamu. Wanapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, wanamwaga dawa ya rangi, halafu mashine inaona rangi imepita wapi na imegoma wapi. Nikamwambia sawa. Akafungua faili langu, akarudi ukurasa wa nyuma. Akaniuliza, "Mzee, figo yako ya pili iko wapi?" Nikamjibu iko kwa dada yangu, inaendelea vizuri, asante kwa kuuliza.

Basi akaanza kunieleza kwamba rangi ile hutolewa mwilini na figo, na figo iliyochoka inaweza kuumia kwa kazi hiyo, na hii yangu moja vipimo vinasema imeanza kuchoka. Akasema ipo namna ya kuilinda. Sikungoja kusikia namna. Nilivaa shati nikatoka.

Nimekataa, Kidomo. Siombi ushauri. Nakuandikia kwa sababu wewe ni muuguzi wa chumba cha mashine hizo hizo za picha, nisingependa uje kuyasikia kando. Na jambo moja nakuamuru kama mjomba wako: mama yako asijue, hata harufu yake asiisikie.

Mjomba wako,
Fundi


19 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa jirani yako, na pole kwa paa. Sisi huku wazima. Mwanangu ameanza shule, siku ya kwanza alilia yeye, siku ya pili nikalia mimi. Kazini niko salama, nimebadilisha chumba kidogo, hilo si la kukusumbua.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Wewe ni mjomba wangu na heshima yako iko pale pale, lakini kuvaa shati na kutoka si kukataa, ni kukimbia. Mtu anayekataa husikiliza kwanza, ndipo akakataa.

Kwa hiyo utasikia kutoka kwangu. Daktari wako hakukudanganya, hatari ipo. Kwa mtu mwenye figo mbili nzuri ni ndogo sana. Kwa wewe ni kubwa kidogo, lakini si hukumu ya kifo. Mambo yenyewe ndiyo haya. Wapime damu kabla, wajue figo ina nguvu kiasi gani. Usifike pale umekauka, kwa sababu figo iliyokauka ndiyo inayoumia. Wakutundikie dripu ya maji ya chumvi kabla na baada, kwa kipimo, maana moyo wako nao hautaki kumwagiwa pipa zima. Daktari atumie rangi kidogo kadiri awezavyo, apige picha anazozihitaji tu. Halafu ndani ya siku mbili tatu wapime damu tena. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Nimewaona wazee kuliko wewe wakipanda ile meza na kushuka, na wakaenda zao nyumbani wakikojoa kama kawaida.

Sasa nina swali, na nataka jibu. Goti lako lile linaloumwa, unalinyamazisha na nini? Kuna vidonge vya maumivu vinavyouzwa kila duka la dawa kama pipi, na kwa figo yako ni adui. Ulikatazwa siku ile ile uliyotoa figo. Nijibu, Mjomba.

Kuhusu Mama, nimetii kwa sasa. Sikuahidi milele.

Mpwa wako,
Kidomo


17 Machi

Kidomo,

Barua yako ilifika zamani, nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika na sikutaka kuandika matusi kwenye karatasi nzuri. Paa nimeliziba. Nililipanda mwenyewe, na nilipofika juu kifua kikanikaba nikakaa pale kwenye bati hadi jua likanichoma utosi. Fundi cherehani akadhani napunga upepo, akanipungia mkono. Nami nikampungia.

Mjukuu wangu mpe hongera ya shule.

Umeandika "nimebadilisha chumba kidogo". Mimi nimekulea mwaka mzima mama yako alipokuwa amelazwa, najua unavyosema uongo. Chumba hakibadilishwi kidogo. Mtu huhama au hahami. Nani amekutoa kwenye chumba cha mashine, na kwa nini?

Tukirudi kwangu, umenifundisha vizuri, nimeelewa kila kitu, na bado nakataa. Unaniita mwoga. Basi nitakuambia ninachokiogopa, nawe ukae nacho.

Siku tulipolazwa mimi na mama yako, vitanda vilikuwa jirani. Kabla hawajatuchukua aliniuliza, "Na wewe ukija kuihitaji je?" Nilimcheka. Nilimwambia moja inanitosha. Aliniamini kwa sababu siku zote ananiamini, ndiyo tabia yake mbaya. Sasa fikiria hii iliyobaki ife kwa ajili ya picha. Nifungwe kwenye zile mashine za kusafisha damu kama alivyofungwa yeye. Unadhani mama yako atakula? Atalala? Kila akikojoa atajua anakojoa kwa figo yangu. Moyo ukinichukua, atalia kama watu wanavyolia, kisha machozi yatakauka. Figo ikinichukua, atajihukumu mpaka anaingia kaburini. Kati ya vifo hivyo viwili nimeshachagua changu, na sitaki mtu anisukume.

Mjomba wako,
Fundi

Goti halijambo.


3 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto anakusalimu, amekuchorea gari lenye magurudumu matano, limo ndani ya bahasha hii. Mvua imetupata vizuri.

Umeuliza nani amenitoa. Mkuu wa kitengo. Kulikuwa na bibi mmoja, ana kisukari, miguu imevimba, ameletwa apigwe picha ya moyo ile ile unayoikimbia. Haikuwa dharura, alikuja kwa miguu yake. Jibu la kipimo chake cha figo lilikuwa halijarudi kutoka maabara, na hakuwa amewekewa hata tone la maji, maana siku hiyo watu walikuwa wengi na mkuu alitaka kumaliza. Nikasema hapandi. Akasema anapanda. Nikasimama mlangoni, Mjomba, mikono kwenye miimo yote miwili, kama mtu anayezuia mbuzi. Nikamwambia tungoje jibu. Wagonjwa wakatazama, wauguzi wenzangu wakatazama viatu vyao. Akaniambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nikamjibu guu huungwa, figo haiungwi.

Kesho yake nikapelekwa chumba cha kufunga vidonda. Niko huko hadi leo. Bibi yule alirudishwa nyumbani siku ile, na mpaka sasa sijui aliishia wapi, hakuna anayeniambia. Sijuti. Nakasirika tu kila asubuhi ninapopita mbele ya mlango ule.

Sasa nikujibu hilo la Mama. Nimelia nilipolisoma, nakiri, kisha hasira zikarudi. Nani amekupa ruhusa ya kuchagua kifo kwa niaba yake? Unasema anakuamini, na wewe unamfanya nini? Unamficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kifo kikikuumbua Mama atajua vyote viwili: kwamba uliumwa, na kwamba ulimwona hafai kuambiwa. Hapo ndipo atakapojihukumu kweli. Na tena unazungumza kana kwamba kuna vifo viwili tu mezani. Kuna cha tatu ambacho si kifo. Upigwe picha, figo ilindwe, urudi nyumbani ukagombane na paa lako.

Mimi nilisimama mlangoni kwa ajili ya bibi nisiyejua hata jina la ukoo wake. Mjomba wangu mwenyewe ananikatalia nisimame kwa ajili yake. Hilo linaniuma kuliko vidonda vyote ninavyovifunga.

"Goti halijambo" si jibu. Sikukuuliza hali ya goti. Nilikuuliza vidonge.

Na ujue hivi: Mama akiniuliza, sitamdanganya.

Kidomo


30 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Gari la magurudumu matano nimelibandika ukutani. Mwambie fundi mwenzangu gurudumu la tano si kosa, ni spea.

Nilikwenda. Usifurahi upesi, na usidhani umenishinda. Nilikwenda kwa sababu Jumapili moja nilishindwa kufunga kamba za viatu bila kupumzika katikati, kiatu kimoja kimefungwa na kingine kinanitazama. Nikasema liwalo na liwe. Wakanipa siku. Wakanipima damu siku moja kabla, wakaniambia nije na tumbo tupu.

Sasa unanijua, mimi nikifanya kitu nakifanya sawasawa. Waliposema tumbo tupu niliwapa tupu la kweli. Sikula, na maji sikugusa, hata ya kusukutulia niliyatema yote. Tangu jana yake mchana. Jua kali, midomo imepasuka, nami najisifu moyoni kwamba hawajawahi kumpata mgonjwa mtiifu kama huyu. Na kwa vile nilisikia mtu hulala kwenye ile meza asisogee, nikaona goti litanitia aibu. Nikameza vile vidonge vyekundu asubuhi, na nikaongeza kidogo ili mambo yaende vizuri. Ndiyo, Kidomo, vile vile. Kila siku, tangu mwaka juzi. Sasa umejua, nyamaza.

Nikakutana na muuguzi mmoja mwembamba, miwani imening'inia puani. Akaniuliza maji nimekunywa lini. Nikamwambia kwa fahari. Akaacha kuandika. Akaniuliza dawa gani nimemeza leo. Nikamwambia hilo nalo kwa fahari, kwa sababu nilikuwa bado sijashtuka. Akafunga faili akasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Mzee, leo hupandi."

Nilipandisha hasira ambazo sikuwa nazo tangu nilipoacha gereji. Nilimwambia nimekuja kufa au kupona, sikuja kuhojiwa. Nikamwambia nimeshaaga nyumba. Nikamwambia binti mdogo kama wewe huwezi kunirudisha, niitie mkubwa wako. Akaja yule daktari mwenye sauti, akatazama saa ya ukutani, akatazama watu kwenye benchi, akasema labda tuangalie kama inawezekana. Yule binti hakuinua sauti. Alisema tu, "Daktari, amekauka, ana figo moja, na tumbo lina vidonge vya maumivu. Mimi simwandai." Na akabaki amesimama pale pale, kati yangu na mlango wa chumba.

Nikafungua mdomo nimtukane vizuri. Ndipo nikaona ameshika faili langu kifuani kama ngao. Nikakumbuka kwamba kuna mwenzake mahali fulani, amehamishwa chumba kwa kusema maneno hayo hayo, na mgonjwa wake hakuwahi kumwambia asante. Nikafunga mdomo. Nikakaa kwenye benchi. Nikaomba maji.

Daktari alikubali. Wamenipangia siku nyingine, vidonge vyekundu vimekwenda jalalani, na goti linaniadhibu vilivyo. Wamenipa dawa nyingine isiyodhuru figo, ina nguvu kama chai baridi. Maji nimepewa kipimo chake, nakunywa kama nilivyoambiwa.

Mama yako bado hajui. Nitamwambia baada ya picha.

Mjomba wako,
Fundi


11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka hadi wagonjwa wakaniuliza kuna nini, kisha nikaingia stoo ya bandeji nikalia. Mpe salamu zangu muuguzi huyo. Mwambie ana dada asiyemjua.

Sasa vumilia. Mama aliniuliza. Aliniuliza hivi hivi kwenye simu, katikati ya habari za watoto, "Kaka yangu ana nini, mbona siku hizi anazungumza huku ameshika kifua?" Nikamwambia yote: kifua, picha, rangi, na ile barua yako ya vifo viwili. Akasema, "Sawa," akakata simu. Nadhani kufikia siku utakayosoma haya atakuwa kwako. Usikasirike. Au kasirika, lakini mfungulie mlango.

La kwangu ni hili. Mkuu ameandaa barua ya kuomba radhi, imeshachapwa, jina langu liko chini linangoja sahihi. Inasema nilivuruga kazi na kumvunjia heshima mbele ya wagonjwa. Nikisaini, narudi chumba cha mashine Jumatatu. Nilikataa mara ya kwanza. Jana ameniletea tena, kwa upole safari hii, na upole wake ndio unaonichosha. Aliyechukua nafasi yangu ni mgeni, ni mwoga, kila anachoambiwa anaitikia ndiyo. Najiambia nikisaini nitarudi kuwalinda watu. Halafu najiuliza nitawalindaje nikiwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba kuwalinda ni kosa? Nimechoka, Mjomba. Kuna siku kalamu naiona nyepesi sana.

Niandikie upesi ukishashuka mezani. Kabla ya hapo sifanyi lolote.

Kidomo


6 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia walipitishia mpira na bado una bandeji, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Mama yako alifika kabla ya barua yako. Nilifungua mlango nikamkuta na begi la nguo na uso ambao sijauona tangu utotoni nilipovunja sahani ya mama yetu. Nikaanza maneno niliyoyapanga, kwamba sikutaka ajilaumu, kwamba nilimwonea huruma. Aliniacha niseme yote. Kisha akasema, "Hii yako niliyonayo sijaiacha hata siku moja bila dawa yake. Nikisafiri naibebea maji. Nikialikwa nauliza kuna chumvi kiasi gani, watu wananiona nina maringo. Miaka yote hiyo naitunza kwa sababu ni ya kwako. Ile uliyobaki nayo wewe umeifanyia nini?"

Nilikaa chini, Kidomo. Mimi, niliyekuwa najidai kumhurumia. Nililia mbele ya dada yangu, na sioni haya kukuandikia.

Siku ya picha alikaa nami tangu dripu ya kwanza. Alimhoji daktari kuhusu rangi mpaka daktari akapunguza sauti. Walinitundikia maji, wakaangalia mapafu, wakapunguza, wakaendelea. Meza ni baridi, na rangi ikiingia unahisi joto linakutambaa mwilini hadi unadhani umejikojolea. Hukuniambia hilo, tutazungumza. Mshipa mmoja umeziba sana. Daktari alikuwa na hamu ya kuuzibua hapo hapo, nilimwona, lakini alisema ametumia rangi ya kutosha kwa figo moja, tuiache ipumzike, nirudi mwezi ujao kwa kazi yenyewe. Nikamwambia nitarudi, na nitakuja nimelowa.

Jana walinipima damu tena. Mama yako alisoma jibu kabla yangu. Figo iko pale pale ilipokuwa, haikurudi nyuma hata kidogo. Akaikunja ile karatasi, akaniambia nikanywe maji, akaenda kufua zile shuka.

Sasa hiyo barua ya mkuu wako. Mimi si msomi wa hospitali na simfundishi mtu kazi yake. Ila siku ile nilikuwa upande wa pili wa mlango. Nilikuwa ndiye mgonjwa aliyetazama, aliyepiga kelele, aliyetaka kupanda. Kama yule binti angeinamisha kichwa akaniandaa ili nimwache apumzike, mama yako angekuwa anasoma jibu lingine. Najua umechoka. Choka, lakini usisaini. Kama watakuacha ufunge vidonda mpaka ustaafu, funga vidonda, na huyo mgeni mwoga mtafute wakati wa chai umweleze kila ulichonieleza mimi, maana kama mimi nimeelewa hakuna atakayeshindwa.

Akikuletea karatasi mara ya tatu, mwambie hivi: yuko mzee mmoja alirudishwa mlangoni, akatukana kila mtu, na leo asubuhi amekojoa vizuri. Huyo mzee ndiye anayekukataza wewe, Kidomo, kuomba radhi.

Mjomba wako,
Fundi